Mnara Niliouzima Kiriba

Nyie mnaovaa kofia ngumu na kubeba kompyuta mgongoni, nisikilizeni kwanza, mtacheka baadaye. Mimi niliishia darasa la nne. Sikuwa mjinga. Baba alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe hawakuwa na mtu. Kuandika vizuri nimejifunza ukubwani, kwa kujaza karatasi za dizeli. Lakini hakuna mnara wa simu kati ya Musoma, Bunda na Butiama ambao sijaushika kwa mkono wangu, na wapo mainjinia watatu, wana vyeti ukutani, waliokuwa wananipigiaga simu kuniuliza waya mwekundu unaingia wapi. Hilo nalisema kwa kujisifu na simwombi mtu radhi.

Nimeambiwa niwaandikie habari ya kulisha minara. Sawa. Ukiupita mnara barabarani unaona chuma kimesimama tu, hakina shida na mtu. Uongo. Mnara unakula. Unakula mchana, unakula usiku, unakula Krismasi na Idi, na siku usipoulisha watu wa vijiji vitatu watalitaja jina la mama yako.

Zamani tulikuwaga na dizeli peke yake. Kilima cha Kiriba gari lilikuwa linaishia kwenye mawe, kwa hiyo madumu tunabeba begani mpaka juu. Aliyenifundisha ni Mzee Masatu, mtu mfupi, mikono imeiva oili hadi kwenye kiwiko. Hakuwahi kunitukana hata siku moja, na hiyo ndiyo ilikuwa fimbo yake. Aliniambia masikio yaanze, spana ifuate. Jenereta ikiwa na maji kwenye dizeli inakohoa mara moja, inatulia kama mtu anayewaza, halafu inakohoa tena. Ukisikia hivyo usianze kufungua fungua. Toa kikombe kimoja cha dizeli chini ya tangi, mimina kwenye chupa nyeupe, weka chini usubiri. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na wewe utakuwa umejua bila kuchafua hata kitambaa. Na kuna miezi wale wadudu wadogo wanatoka ziwani kama moshi, wanajaza kichujio cha hewa mpaka injini inakosa pumzi. Nimeona fundi kutoka mbali akifungua injini nzima siku mbili, kumbe ilihitaji kufagiliwa.

Paneli za sola zilipokuja, watu wakadhani kazi imeisha. Paneli inaoshwa asubuhi ingali ya baridi. Ukimwaga maji ya kisima juu ya kioo kilichochomwa na jua la saa saba, utakisikia kinalia, na kilio hicho utakilipia wewe. Betri nazo, kabla ya kuleta mashine ya kupimia, pitisha nyuma ya kiganja karibu na ubavu wake. Ile iliyo na joto kuliko wenzake ndiyo mgonjwa. Haya hayapo kwenye kitabu chenu, au kama yapo, yameandikwa kwa maneno mengi.

Nisije nikaonekana malaika, niwaambie ya Butiama.

Umeme wa gridi ulipofika kwenye mnara wetu wa Butiama, walifunga swichi inayojibadilisha yenyewe: gridi ikiwepo inatumia gridi, ikikatika inawasha jenereta. Mimi sikuiamini. Niliona ule umeme ni mgeni, anakuja akitaka anaondoka akitaka. Nikaiweka ile swichi kwenye mkono, isijibadilishe tena yenyewe, nikawasha jenereta, nikaiacha. Siku kumi na moja inaunguruma, na mimi kila nikipita naisikia, nafurahi, najiona mtu wa kazi. Siku ya kumi na mbili Mzee Masatu akaja na mfuko wake wa spana. Akasimama mlangoni, akasikiliza. Akaingia, akaizima. Mimi nimeshika kichwa. Nikatazama simu yangu: mtandao upo, umejaa. Swichi nilikuwa nimeiacha upande wa gridi, mnara ulikuwa unakula gridi kama kawaida, na hata haukujua kwamba jenereta imenyamaza.

Akaniuliza taratibu, "Mafuru, hii ilikuwa inamuungurumia nani?"

Mpaka leo nikimwona mtu anachoma mali kwa sababu ya woga wake halafu anaita kazi, nakumbuka ile sauti.

Sasa nije kwenye hii ya juzi juzi, ya umeme wenye akili. Alituletea Injinia Rehema, binti mwembamba, mpole, aliyetumwa na ofisi ya Musoma. Siku ya kwanza alitukusanya kwenye stoo yetu ya Bweri, akakalia kreti la soda kwa sababu viti havikutosha, akatueleza kwamba gridi na mnara vitaanza kuambiana. Jioni watu wakirudi nyumbani, taa zinawaka, pasi zinawaka, mashine za kuchomelea vyuma nazo hazijazimwa, umeme unakuwa mwembamba. Hapo gridi inatuma ujumbe kwenye mnara: niachie kidogo. Mnara unahamia kwenye betri zake, ambazo zilijazwa na jua mchana. Umeme ukinenepa tena, mnara unarudi.

Mafundi wakatazamana. Mimi nikawaambia wenzangu, hamjachunga nyie? Ng'ombe hamsini hawanywi lamboni kwa pamoja, watavunjana miguu. Yule aliyekunywa asubuhi unamsimamisha pembeni, ndama na wenye kiu wapite. Rehema akaniangalia, akaandika kwenye daftari lake. Baadaye nilisikia anawaeleza wakubwa habari za ng'ombe na lambo, na hakusema ametoa wapi. Sikumdai. Maneno mazuri ni ya kugawana.

Sehemu ya pili ya mpango wake ilikuwa kulaza minara. Saa ambazo watu hawatumii, redio za mnara, yaani zile mashine zinazorusha mtandao, zinazimwa, umeme unaokolewa, betri zinadumu. Mnara wa jirani unawashika wateja wachache waliobaki. Rehema akafungua kompyuta, mnara kwa mnara, mistari inapanda na kushuka. Kila mnara akawa anamuuliza fundi anayeujua.

Tukafika Kiriba. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu asubuhi ule mstari ulikuwa umelala chini kabisa, kama kamba iliyodondoka.

"Mzee Mafuru, huku ni nyumbani kwako," akasema. "Asubuhi watu hawaongei na simu?"

Nikavimba. Kuulizwa mbele za watu na injinia, nani asiyevimba? Nikamjibu kwamba asubuhi watu wa Kiriba wako ziwani na mashambani, aongee nani. Akauliza tulaze redio zote, hata ile ya zamani inayobeba simu za batani? Nikasema zote. Akauliza kama mnara wa jirani utafika mpaka pale. Nikasema utafika. Mimi, niliyezaliwa chini ya yale mawe, ninayejua kwamba kati ya kijiji chetu na mnara wa jirani pamesimama majabali makubwa kuliko kanisa, nikasema utafika. Nikaweka sahihi yangu ya darasa la nne, kubwa, yenye mkia.

Hapa lazima niwaambie habari ya mke wangu, Mama Nyangeta, au hamtaelewa nilichofanya.

Mama Nyangeta ana presha. Aliwahi kuanguka shambani, katikati ya muhogo, akalala pale hadi jua likampita kichwani, ndipo jirani akamwona. Daktari wa Musoma akampa vidonge vya kila asubuhi bila kuruka. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Kabasa, pale Bunda, kwa ajili ya kazi. Nyumbani nafika Jumamosi, Jumapili jioni naondoka. Binti yetu Nyangeta ameolewa Mwanza. Kwa hiyo asubuhi sita za wiki mama yuko peke yake na kuku.

Tukapatana hivi. Kila asubuhi saa kumi na mbili, akishameza kidonge, ananibipu. Simu yangu ilie mara mbili, akate. Maana yake: nimeamka, nimemeza, mimi mzima. Mimi namrudishia mmoja: nimesikia. Ikilia ya tatu, nipokee, kuna shida. Bipu hailipiwi, ndiyo uzuri wake. Miaka saba tumeishi hivyo. Siku moja tu nilikosea, napiga mswaki, kidole kikabonyeza, nikapokea. Nikasikia, "Umepokea ya nini?" Akakata. Jumamosi nilipofika alininunia mpaka chakula cha mchana, kwa sababu kasalio kadogo alikokuwa anakatunza ampigie mtoto nimekala mimi, na hatukuongea hata la maana.

Bipu mbili, asubuhi, miaka saba. Na mimi huyo huyo nikasema aongee nani.

Ratiba ya kulaza ilianza Jumanne. Nilikuwa nimeshaisahau. Saa kumi na mbili nikakaa kitandani pale Kabasa, simu gotini kama kawaida. Haikulia. Na robo, haikulia. Nikampigia: haipatikani. Nikampigia jirani yetu, Mama Bwire: naye haipatikani. Hapo, vijana, mtu aliyezijua simu kwa miaka zaidi ya ishirini angefikiri: namba mbili, kijiji kimoja, basi ni mnara. Mimi sikufikiri mnara. Nilimwona mke wangu chini, kati ya muhogo. Mtu mwenye hofu hana ufundi.

Nikachukua bodaboda. Yule dereva aliniuliza njiani mara mbili kama niko salama, nikamwambia aangalie barabara. Nilikuwa naongea na Mungu, na si kwa adabu. Nilimwambia, kama umemchukua na mimi niko kwenye chumba cha kupanga, tutaonana.

Nikafika kama saa mbili na nusu. Mlango umefungwa kwa kamba. Kuku bado wako ndani wanalalamika. Nikaita, kimya. Nikazunguka hadi kwenye muhogo, nikapita mstari kwa mstari nimeinama kama mtu aliyepoteza funguo. Hayupo. Mama Bwire alikuwa ng'ambo ya uzio na beseni tupu kichwani, amekasirika. Akaniambia simu leo hakuna, wanaume wametoka ziwani, hatujui wametua upande gani, dagaa wataharibika. Halafu akasema, "Mwenzio amepanda kwenye mawe. Nimemkataza, amekataa."

Nikapanda. Yale mawe nilikuwa nayapanda kwa mbio nikiwa mtoto. Siku hiyo nilipanda kwa mikono na magoti. Nikamkuta karibu na juu, ameegemea jiwe, khanga imefungwa kiunoni, ndala moja imebaki chini huko. Mkono mmoja ameuinua na simu, anaielekeza upande wa pili wa majabali, kule kwenye mnara wa jirani. Anahema.

"Usinishike," akasema. "Ngoja nipumue."

Nikakaa.

Akasema, "Nimebipu mpaka kidole kimekufa ganzi. Nilijua utadhani nimekufa. Nikasema nipande, labda huku juu itashika."

Mwanamke mwenye presha, mtu wa miaka sitini na kitu, anapanda majabali kabla hajanywa hata chai, ili mimi nisiwe na hofu. Nikageuza uso. Na kwa kugeuza uso nikauona mnara wetu, pale pale kilimani, hauko mbali hata kidogo. Ndipo masikio yangu yakarudi. Lile kabati la redio lina feni, na feni zake siku zote zinavuma, ukiwa kwenye mawe unazisikia. Zilikuwa kimya. Taa za umeme zinawaka, umeme upo, betri zipo. Umelazwa. Nikakumbuka ni Jumanne.

"Mama Nyangeta," nikasema, "ule mnara haujaharibika. Umezimwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akashusha mkono wenye simu, akauweka mapajani. Nilitamani apige kelele.

"Uliuzima ukijua mimi niko huku?"

Nikamjibu ukweli, kwa sababu kwenye jiwe lile hapakuwa na pa kujificha. Nikamwambia nilijua yuko huku. Nikamwambia niliulizwa mbele za watu, nikataka kuonekana najua, nikasahau kwamba yeye ni mtu anayetumia simu. Niliona simu ni ya wale wanaoongea.

Tukakaa. Ilipogonga saa tatu feni zikaanza kuvuma kule juu, na simu yake ikapata mtandao. Yule mwanamke, nimekaa pembeni yake, bega kwa bega, akabonyeza. Simu yangu ikalia mfukoni mara mbili. Akakata. Akanitazama, anasubiri. Nikatoa simu, nikamrudishia mmoja. Hapo ndipo akacheka, na mimi nikalia. Nawaambia ili mjue fundi analia.

Alhamisi nilimwambia naenda Bweri kumweleza Injinia. Akasema, "Tunaenda." Nikamwambia ni ofisi. Akaniuliza kama ofisi hazina mlango. Akavaa kitenge chake cha harusi ya Nyangeta, akafunga sato wakavu wawili kwenye gazeti, tukaenda.

Rehema alitukaribisha vizuri, akampa mama kiti, yeye akakaa kwenye kreti lake. Nikaeleza, nikiwa nimesimama. Alisikiliza, lakini niliona anaitazama kompyuta kwa upande wa jicho, kama mtu anayemwamini ndugu yake kuliko mgeni.

"Shikamoo tena mama, naomba unielewe," akasema. "Hii inaonyesha asubuhi Kiriba hakuna mazungumzo. Hata dakika tano hazifiki."

Mama Nyangeta akamwambia, "Mwanangu, mazungumzo yapo. Maneno ndiyo hayapo."

Akamweleza. Yeye na mimi, mbili na moja. Mama Bwire na mume wake: bipu mbili, mtumbwi umetua upande wetu, tatu, umetua nyuma ya mawe, njooni na mabeseni huko. Mwalimu mkuu anabipu wazee wa kamati: mmoja tu, maana yake njoo shuleni. Mkwe anambipu mkwe kumwamkia, kwa sababu kumpigia mkwe halafu salio likate katikati ya salamu ni aibu. Akamwambia, "Mimi simu yangu haina salio tangu Pasaka. Na kila siku naitumia."

Rehema akarudi kwenye kompyuta, akafungua ukurasa mwingine ambao kwenye ule mkutano hatukuuona. Ulikuwa hauhesabu dakika, unahesabu kila simu iliyojaribu kupita. Akatafuta Kiriba, asubuhi. Vijistari vifupi vifupi, vimebanana, mvua tupu. Hakuna mnara wowote wa mkoa wetu aliotuonyesha uliokuwa na asubuhi kama ile.

Akafunga kompyuta polepole.

"Kipimo nilitengeneza mimi," akasema. "Nilipima dakika." Halafu, kama anaongea peke yake: "Nikiwa chuo mama yangu alikuwa ananibipu kila Jumapili. Nilikuwa nakasirika. Nilidhani anataka nimpigie."

Mama Nyangeta akamuuliza mama yake yuko wapi. Akasema alishafariki. Mama akamsogezea wale sato, akamwambia wakaangwe kwanza na vitunguu ndipo waungwe.

Sasa hapo palikuwa na jambo zito, msilione dogo. Taarifa ya Rehema ilishakwenda kwa wakubwa, na Kiriba ilikuwa mfano wake mzuri, mnara utakaookoa umeme kuliko yote. Kuubadilisha ni kuandika kwamba alikosea, naye ni mpya kazini. Nikamwambia aandike kosa ni la fundi Mafuru. Mimi ni mzee, watanifanya nini. Alikubali kuandika. Baadaye nikaiona ile karatasi. Alikuwa ameandika "kosa letu."

Na hakuishia hapo. Akasema kabla hajapanga ratiba nyingine atakuja kukaa Kiriba siku nzima. Akaja kweli, amevaa viatu vibaya kwa mawe. Mama Nyangeta akampa ndala. Asubuhi alisimama na akina Mama Bwire ufukweni, simu zinalia na kukatika huku na huku, wanawake wanainuka wote pamoja na mabeseni bila mtu kusema neno, na yeye anaandika. Mchana akawakusanya chini ya ukuta wa shule, akawauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kutuuliza: ni saa ngapi mko tayari kuuachia mnara upumzike?

Walibishana vizuri sana. Mwanamke mmoja akasema zile redio za picha na video zizimwe mwaka mzima, kwa sababu vijana wanashinda wanaangalia mpira wa Ulaya na muhogo unawasubiri. Vijana wakaguna. Mama mwingine akasema isiwe jioni, jioni ndiyo watoto walioko mijini wanapiga. Mwisho wakakubaliana: redio kubwa za intaneti zilale kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, watu wakiwa shamba na watoto darasani. Ile redio ndogo ya zamani, ya simu za batani, isilale hata dakika moja.

Rehema akapiga hesabu pale pale, akasema ni bora kuliko alivyopanga yeye. Mchana ndiyo jua kali. Mnara ukila kidogo saa hizo, betri zinajaa haraka, na jioni gridi ikisema niachie, mnara unaacha bila kunung'unika mpaka watu wamalize kupika na kupiga pasi. Ile redio ndogo inakula kidogo sana. Tungeweza kuilisha siku zote na tusione. Nyie mnaopanga hivi vitu sasa, hii ndiyo sehemu ninayotaka muichukue. Kompyuta itakwambia watu wametumia nini. Wanachokitegemea utakijua ukienda kukaa nao, na uvae ndala.

Siku ratiba mpya ilipoanza nilikuwa Kiriba, nilienda kuhakikisha mwenyewe. Saa sita feni za redio kubwa zikatulia, ile ndogo ikabaki inavuma kidogo kama nyuki mmoja. Nikakaa mlangoni kwangu, nimeridhika, naongea. Nikamweleza Mama Nyangeta betri zimejaa kiasi gani, gridi itaita saa ngapi, wakubwa wamesema nini kwa Rehema, na kwamba sasa minara mingine yote watakwenda kuuliza kwanza. Yeye alikuwa anamenya muhogo, anatupa maganda kwa kuku. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umefanya vizuri," akasema. "Mnara umeurudisha."

Akachukua muhogo mwingine.

"Wewe unarudi lini?"

Mkataba wangu ulikuwa umebakiza mwaka na miezi. Nilifungua mdomo nimweleze habari ya mkataba, nikaona nitakuwa naunguruma tu. Nikachukua kisu cha pili, tukamenya wote.

Jumatatu nilipeleka barua Bweri. Mistari miwili: naomba kuacha kazi mwisho wa mwezi, funguo za minara zote ziko na mimi, nitazikabidhi kwa yeyote mtakayemchagua. Rehema akaisoma, akasema ni nzuri, lakini ofisi itataka sababu. Nikamwomba kalamu. Nikafikiri sana, kwa sababu kuandika kunanichukua muda, halafu nikaongeza mstari wa tatu, na hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa wakubwa:

"Sababu: nimeulizwa swali na mke wangu."